Mkazo na silabi kwenye maneno ya sayansi ya Kiitaliano: mwongozo kamili kwa sisi wa Kiswahili

Mtu aliyekulia Malindi kama mimi, Kiitaliano hakimtishi. Tumekisikia hotelini, ufukweni, sokoni, na kule Ngomeni ambako Waitaliano walikuwa wakirusha satelaiti kutoka majukwaa ya baharini kuanzia 1967 mpaka 1988, na wengi wetu tunakiongea vizuri tu bila kukalia dawati. Lakini Kiitaliano cha ufukweni na Kiitaliano cha kitabu cha kemia ni vitu viwili, na mimi nilikuja kulijua hilo nilipoenda Italia kusomea uuguzi.

Kule mitihani mingi ni ya mdomo, unakaa mbele ya profesa unaulizwa unajibu, alama zinahesabiwa juu ya 30 na ukipata 18 umepita. Siku yangu nilikuwa naeleza jinsi kidonda kinavyoingiwa na bakteria, somo nilikuwa nalijua kabisa, nikawa nasema batteRIa, batteRIe, kila sentensi. Profesa akanisimamisha akauliza, unazungumzia nini? Manake batteRIa ni betri. Bakteria ni batTErio, wakiwa wengi ni batTEri. Nikachanganyikiwa, maelezo yote yakavurugika, na kosa lenyewe lilikuwa silabi moja tu. Toka siku ile nikaanza kuandika daftari la mkazo, na hiki ninachokupa hapa ndo kilichotoka kwenye lile daftari.

Tatizo letu linaanzia hapa. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, mpaka mtoto mdogo hafundishwi. Ukitafuta maneno yanayovunja hiyo sheria utapata machache kama barabara, ile ya kupita magari ni baraBAra na ile ya kusema kitu kiko sawasawa ni baRAbara. Sasa Kiitaliano nacho maneno yake mengi yana mkazo hapohapo pa pili kutoka mwisho, kwahiyo tunaanza kuongea tunajiona tumefika. Alafu yanakuja maneno ya sayansi, ambayo mengi yametoka Kigiriki na Kilatini na yamekuja na mkazo wake, na Kiitaliano hakiandiki alama ya mkazo isipokuwa ukiwa silabi ya mwisho kabisa. Unaona molecola kwenye kitabu, hakuna kinachokwambia ni moLEcola na sio moleCOla. Habari njema ni kwamba huna haja ya kukariri neno mojamoja. Unakata silabi, unaangalia mkia wa neno, na mara nyingi jibu linatoka lenyewe.

Kwenye huu mwongozo mkazo nauonyesha kwa herufi kubwa, silabi nazitenganisha kwa vistari.

Hatua ya 1: kata silabi kwanza, mkazo baadaye

Konsonanti moja ikiwa katikati ya irabu mbili inakwenda na irabu ya mbele yake, kama kwetu tu: ca-lo-re, a-to-mo, mo-le-co-la. Hapo hakuna kazi.

Konsonanti pacha zinatengana, moja inabaki nyuma moja inakwenda mbele: mas-sa, os-si-ge-no, al-lu-mi-nio, na ile cq ya acqua inahesabiwa humohumo, ac-qua. Hizi pacha nakuomba uzichukulie kwa uzito, kwasababu kwetu hazipo na ulimi wetu unaziruka. Polo ni ncha ya sumaku au ya betri, pollo ni kuku. Sete ni kiu, sette ni saba, na kwenye wodi mtu akikwambia saba ya kitu au kiu lazima ujue umesikia ipi. Anno ni mwaka na ano ni tundu la haja kubwa, sasa wewe muuguzi unamuuliza mgonjwa umri wake, huwezi kuikosea hiyo. Ukitamka pacha, funga kwanza ile ya kwanza, subiri kidogo, alafu fungua ya pili: pol…lo.

L, m, n na r zikifuatwa na konsonanti nyingine, zinabaki nyuma. Hapa ndo Kiswahili kinatudanganya zaidi, kwasababu sisi tunasema te-mbo, nyu-mba, ka-nga, yani m na n zinaungana na mwenzake wa mbele. Kiitaliano ni tem-pe-ra-tu-ra, an-go-lo, on-da, for-za, cor-ren-te. M ya tem inafunga silabi ya kwanza, mdomo unafungwa pale. Shika hili, tutalihitaji sana hatua ya 4.

S ikiwa na konsonanti nyingine, inafanya kinyume, inaruka mbele na mwenzake: cri-stal-lo, e-spe-ri-men-to, mi-cro-sco-pio, a-stro-no-mi-a. Na herufi b, c, d, f, g, p, t, v zikifuatwa na l au r hazitengani: i-dro-ge-no, ve-tro, mol-ti-pli-ca-re. Zikiwa tatu, kama ttr ya elettrone, moja inabaki na mbili zinaondoka, e-let-tro-ne.

Gn, gl ya gli, sc ya sci na sce, ch, gh na qu zinahesabiwa kama herufi moja, hazikatwi. Gn ni ny yetu kabisa, magnete ni ma-gne-te na unaitamka kama unavyosema nyeupe, usiseme mag-ne-te. Sc kabla ya i au e ni sh. Kile kituo cha satelaiti cha kwetu kina jina la Luigi Broglio, na jina hilo ni Bro-glio, silabi mbili, sio Brog-li-o kama tunavyosema mtaani.

Zimebaki zile jozi ngumu za Kigiriki ambazo Mwitaliano mwenyewe zinamkwama: tec-ni-ca, rit-mo, mag-ma, naf-ta-li-na. Hizo zinatengana katikati. Na neno lililobandikwa kichwa mbele, kama subatomico, unaruhusiwa kulikata su-ba-to-mi-co au sub-a-to-mi-co, usigombane na mtu.

Hatua ya 2: io, ia, ie, hapa ndo tunapoumia

Hii hatua usiipite haraka. Kwetu kila irabu ni silabi, redio ni re-di-o na mkazo unakaa kwenye di. Kwa hiyo tukiona sodio tunasema so-DI-o, potassio tunasema potas-SI-o, na tukiona malaria, ambalo ni neno lao lenyewe, mala aria, hewa mbaya, tunalitamka ma-la-RI-a kama nyumbani.

Kwa Kiitaliano i au u isiyo na mkazo ikikaa na irabu nyingine wanakuwa silabi moja. Kwahiyo ni SO-dio, silabi mbili. Po-TAS-sio. Ma-LA-ria. Ma-TE-ria. Na mkazo ukishakata vizuri utaona bado uko pa pili kutoka mwisho, ni vile tu sisi tulikuwa tumehesabu silabi moja zaidi. Karibu elementi zote zinazoishia na io zinakwenda hivi: CAL-cio, LI-tio, E-lio, car-BO-nio, al-lu-MI-nio, u-RA-nio, mer-CU-rio. Na viungo vya mwili na magonjwa mengine: ar-TE-ria, TI-bia, ER-nia.

Lakini i ikiwa ndo yenye mkazo, inajitenga inakuwa silabi yake: e-ner-GI-a, al-ler-GI-a, te-ra-PI-a. Haya ulimi wetu unayapatia bila kufundishwa. Shida inabaki kujua neno lipi liko kundi gani, kwasababu kwenye karatasi materia na terapia zinafanana kabisa. Jibu liko kwenye mikia, hatua ya 5.

A, e na o zenyewe kwa zenyewe haziungani kamwe. Nucleo ni NU-cle-o, silabi tatu, area ni A-re-a, linea ni LI-ne-a, trachea ni tra-CHE-a, teoria ni te-o-RI-a.

Na kuna ile i ambayo haitamkwi, imebaki tu kwenye maandishi toka Kilatini: scienza ni SCIEN-za, unasema shentsa, specie ni SPE-cie, superficie ni su-per-FI-cie. Usiiongezee silabi.

Hatua ya 3: angalia mwisho kama kuna alama

Ikiwepo, kazi imeisha, mkazo uko mwisho: velocità, densità, gravità, umidità, elettricità. Sisi hatuna mazoea ya kumalizia neno kwa nguvu kwahiyo tunairudisha nyuma, velo-CI-ta. Hapana, ni ve-lo-ci-TÀ, na uikate pale pale usiivute.

Hatua ya 4: silabi ya pili kutoka mwisho imefungwa?

Hii ndo zawadi ya kukata silabi vizuri. Kama silabi ya pili kutoka mwisho inaishia na konsonanti, mkazo uko hapo, karibu daima. Cri-STAL-lo, par-ti-CEL-la, cor-REN-te, so-STAN-za, e-spe-ri-MEN-to, dia-FRAM-ma. Hata neno liwe refu namna gani. Maneno yanayovunja hii sheria ni machache sana, mojawapo ni MAN-dor-la, lozi, na baadhi ya majina ya miji kama TA-ran-to. Hii sheria ilikuwepo kwenye Kilatini na Kiitaliano kimeirithi.

Sasa umeelewa kwanini nilikwambia usikate te-mpe kwa mtindo wa te-mbo? Ukikata co-rre-nte, silabi inaonekana iko wazi na sheria inakupotea.

Kama iko wazi, yani inaishia na irabu, basi mkazo unaweza kuwa hapo au ukaruka silabi moja nyuma. Hapo unaingia kwenye mikia.

Hatua ya 5: soma mkia wa neno

Anza na hizi familia, kwasababu neno moja linabadilisha mkazo mara tatu kulingana na mkia. Mtu ni BIO-lo-go, ila nguvu iko kwenye o: biòlogo. Somo lake ni bio-lo-GI-a. Na kitu cha somo hilo ni bio-LO-gi-co. Vivyo hivyo geòlogo, geoloGIa, geoLOgico. Fotògrafo, fotograFIa, fotoGRAfico. Ukiielewa hii umeelewa mamia ya maneno kwa mkupuo.

Kwahiyo mikia ya masomo na shughuli, -logia, -grafia, -metria, -nomia, -scopia, na ya kitabibu -patia, -emia, -terapia, yote inaweka nguvu kwenye i: geome-TRI-a, astrono-MI-a, radiogra-FI-a, ane-MI-a, glice-MI-a, fisiotera-PI-a. Hiyo i ilikuwa na mkazo toka Kigiriki na imebaki nao. Hapa unasema kwa mdomo wa Kiswahili na unapatia.

Mkia -metro unarudi nyuma: ter-MO-me-tro, ba-RO-me-tro, chi-LO-me-tro, cen-TI-me-tro, mil-LI-me-tro, na-NO-me-tro, DIA-me-tro na nguvu iko kwenye a, pa-RA-me-tro. Ile e ya metro ilikuwa fupi kwenye lugha ya asili, na irabu fupi kwenye silabi iliyo wazi haikuweza kubeba mkazo, ikautupa nyuma. Mtu akisema chilo-ME-tro Waitaliano wataelewa lakini watageuka.

Wengine wanaorudi nyuma: -geno (os-SI-ge-no, i-DRO-ge-no, pa-TO-ge-no), -voro (car-NI-vo-ro, er-BI-vo-ro), -filo na -fobo (i-DRO-fi-lo, i-DRO-fo-bo), -gono (pen-TA-go-no, po-LI-go-no), na ule mkubwa kuliko wote, -ico: a-TO-mi-co, CHI-mi-co, ma-GNE-ti-co, scien-TI-fi-co. Pia maneno ya -olo, -ola, -ulo na -ula yaliyotoka Kilatini: CAL-co-lo, AN-go-lo, mo-LE-co-la, CEL-lu-la. Na -esi na -isi kwenye i-PO-te-si, foto-SIN-te-si, a-NA-li-si, elet-TRO-li-si.

Ila -osi inabaki pa pili kutoka mwisho, mi-TO-si, sim-BIO-si, trom-BO-si, alafu katikati yake anatokea metamorfosi ambaye ni me-ta-MOR-fo-si. Huyo mkariri peke yake.

Zinazobaki pa pili kutoka mwisho bila ubishi: -ite ya magonjwa (epa-TI-te, polmo-NI-te), -oma na -ema (cromo-SO-ma, si-STE-ma), -ismo (magne-TI-smo), -scopio (mi-cro-SCO-pio, te-le-SCO-pio, jina lililotangazwa Roma 1611 kwenye karamu ya kumpa Galileo heshima), na -zione (so-lu-ZIO-ne, e-qua-ZIO-ne).

Na -one na -ino. Hii naipenda kwasababu ni kama vile sisi tunavyofanya jitu na kijitu. Kwa Kiitaliano -one ni kikubwa, -ino ni kidogo. Mwanafizikia Wolfgang Pauli mwaka 1930 alitabiri chembe isiyo na chaji, akaiita neutroni, alafu 1932 mwenzake James Chadwick akagundua chembe nyingine nzito zaidi na jina likaenda huko. Kule Roma kwenye kundi la mwanafizikia Enrico Fermi, Edoardo Amaldi akaona neutrone inasikika kama kitu kikubwa kisicho na upande, basi ile ndogo si iitwe neutrino. Fermi akalitumia, na dunia nzima inalitumia mpaka leo. Neu-TRO-ne, neu-TRI-no, zote mkazo pa pili kutoka mwisho.

Jozi za kuogopa

Tumeona batTEri na batteRIa. Kuna nyingine kali zaidi, herufi zilezile kabisa ila mkazo unabadilisha maana. PRIN-ci-pi ni wana wa mfalme, prin-CI-pi ni kanuni, kwahiyo kanuni za termodinamiki ni prin-CI-pi. TER-mi-te ni mchwa, ter-MI-te ni ule mchanganyiko wa unga wa alumini na oksidi ya chuma unaowaka kwa joto la kutisha mpaka unaunganisha reli. NOC-cio-lo ni kokwa ya tunda na pia kiini cha mtambo wa nyuklia, noc-CIO-lo ni mti wa hazeli. Waandishi wengine wanaweka alama hata katikati ya neno ili kukusaidia, princìpi, lakini usiitegemee.

Na hata wao wanakosea. Elementi ya F, yani florini, ni fluo-RO? Hapana. FLU-o-ro? Utaisikia, ila kamusi inakwambia FLUO-ro na nguvu iko kwenye o, fluòro. Na tuzo ya Nobel, mkazo ni mwisho, No-BEL, ingawa nusu ya watangazaji wanasema NO-bel.

Hatua ya 6: vitenzi

Kwa wakati uliopo, ukiujua umoja wa nafsi ya tatu, wingi wake unabaki na mkazo palepale hata kama neno limerefuka. Seli inaongezeka, si mol-TI-pli-ca. Zinaongezeka, si mol-TI-pli-ca-no, mkazo umefika silabi ya nne kutoka mwisho na haujasogea. Maji yanavukizwa, e-VA-po-ra, wingi e-VA-po-ra-no. Mtu wa Kiswahili anataka kusema evapo-RA-no, zuia. Majina nayo kwenye wingi hayahami: àtomo àtomi, moLEcola moLEcole, enerGIa enerGIe.

Hatua ya 7: mkazo ni urefu, sio kelele

Silabi yenye mkazo ikiwa wazi, irabu inavutwa kidogo: a-to-mo unasema aaatomo, polo ni poolo. Ikiwa imefungwa irabu inakuwa fupi na konsonanti ndo inayokaa: pol-lo. Sisi kuvuta silabi ya mkazo tunajua tayari, sikiliza unavyosema kitaabu, nyumbaani. Unachofanya ni kuuhamisha huo mvuto.

Mazoezi yangu yalikuwa kupiga meza. Unaandika neno, unakata, unapiga meza kidole kila silabi na kiganja kwenye mkazo. Anza na hili la wodini ambalo liliniogopesha wiki nzima: e-let-tro-car-dio-gram-ma. Silabi saba, ya pili kutoka mwisho ni gram, imefungwa, basi GRAM. Mashine yenyewe ni mkia wa -grafo, elettrocardiògrafo, nguvu kwenye o ya dio. Kipimo kama taaluma ni elettrocardiogra-FI-a. Alafu ukishapata pumzi jaribu de-sos-si-ri-bo-nu-CLEI-co, ile asidi ya DNA, silabi nane, nguvu kwenye e.

Ukikwama fungua kamusi ya Treccani mtandaoni, ni bure na kila neno limewekewa alama, au ile ya matamshi ya RAI, shirika la utangazaji la Italia, inayoitwa DOP ambayo unasikia na sauti. Angalia tu kwamba è na ò ni za mdomo wazi, é na ó ni za mdomo uliofungwa kidogo, lakini hilo usilihangaikie mwanzo, mkazo kwanza.

Alafu chukua sentensi moja nzima ya kitabu chako, sio neno, ukaifanyie kazi mpaka itoke bila kusimama. Ya kwangu ilikuwa hii: I batteri si moltiplicano rapidamente a questa temperatura. I bat-TE-ri si mol-TI-pli-ca-no ra-pi-da-MEN-te a QUE-sta tem-pe-ra-TU-ra. Niliisema jikoni, kwenye basi, kitandani, na niliporudi kurudia ule mtihani ndo sentensi niliyoanza nayo.